DWDS na vitenzi vya Kijerumani vya kumbana mtu: kamusi ya bure, ukijua pa kubofya

Kamusi ndogo za Kijerumani zina ugonjwa mmoja. Ukitafuta zwingen unaambiwa "kulazimisha", ukitafuta nötigen unaambiwa "kulazimisha", na drängen ikibahatika inapewa "kusukuma, kulazimisha". Mtu akitoka hapo akaiandikia ofisi ya Ujerumani kwamba mwenye nyumba wake "nötigt mich, auszuziehen", ametumia kitenzi ambacho katika sheria ya nchi hiyo ni jina la kosa la jinai. Pengine alichotaka kusema ni kwamba mwenye nyumba anamchagiza ahame. Hapo drängen ingetosha.

Kinachopimwa hapa ni DWDS, kamusi ya Kijerumani ya mtandaoni, kwa kazi hiyo moja tu: je, inamsaidia msomaji kutofautisha vitenzi vya kulazimisha, kushinikiza, kubana na kusukuma? Jibu ni ndiyo, na kwa kamusi za bure hakuna inayoikaribia. Ila msaada wenyewe hauko pale ambapo watu wengi huishia kusoma. Fasili ndiyo sehemu dhaifu, na utajiri uko chini zaidi ya ukurasa.

Jina kamili ni Digitales Wörterbuch der deutschen Sprache, nayo inatunzwa na Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg. Hulipii chochote, na kurasa hazina matangazo. Sehemu kubwa ya makala zake ilirithiwa kutoka kamusi ya juzuu 6 iliyotengenezwa Berlin Mashariki na kukamilika mwaka 1977, na makala nyingi zimeandikwa upya tangu wakati huo. Historia ya maneno inatoka kwenye kamusi ya asili ya maneno ya Wolfgang Pfeifer. Kila kitu kimeandikwa kwa Kijerumani, kwa hiyo mwanafunzi aliye chini ya ngazi ya B1, yaani ya kati, atahangaika.

Tuanze na udhaifu. Fasili za vitenzi hivi huzungukana: kimoja kinaelezwa kwa kingine, na huyo wa pili anakurudisha kwa wa kwanza. Si kosa la DWDS peke yake, kila kamusi ya lugha moja ina shida hiyo inapofika kwenye familia ya maneno yanayokaribiana. Lakini mtu akisoma fasili tu akafunga ukurasa, atakuwa hajapata zaidi ya kile alichoambiwa na kamusi ya mfukoni.

Telemka hadi Wortprofil. Hili ni jedwali la maneno yanayoandamana na neno lako mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati, yakihesabiwa kutoka hazina kubwa ya matini na kupangwa kwa uhusiano wa kisarufi: nani mtenda, nani au nini yambwa (anayetendwa), kielezi gani kinakaa karibu, kihusishi gani kinafuata. Ukiwa na kitenzi cha kumbana mtu, soma kwa mpangilio huu. Kwanza vihusishi, kwa sababu hapo ndipo utajua mtu anabanwa afanye nini. Pili mtenda, ujue kama anayebana ni binadamu, chombo au hali tu. Tatu vielezi, maana ndivyo vinavyofichua kama shinikizo huwa linafanikiwa. Ukurasa huo una pia nafasi ya kulinganisha maneno mawili kwa pamoja. Weka zwingen upande mmoja na drängen upande wa pili, nawe utaelewa zaidi kwa dakika chache kuliko kwa fasili kumi.

Chukua zwingen. Miunganiko yake ya kawaida ni zum Rücktritt zwingen (kumlazimisha mtu ajiuzulu), zur Aufgabe (asalimu amri), zum Handeln (achukue hatua), in die Knie zwingen (kumpigisha magoti, hata ikiwa anayepigishwa ni uchumi au timu). Mtenda si lazima awe mtu. Umaskini, ugonjwa na dhoruba vyote vinaweza: Das Wetter zwang den Piloten zur Landung (hali ya hewa ilimlazimisha rubani atue). Rubani hakutishwa na yeyote, hakuwa na njia nyingine tu. Hicho ndicho kiini cha zwingen: njia nyingine zimefungwa. Pfeifer anakirudisha kwenye Kijerumani cha kale, kwenye maana ya kubana na kukandamiza, na ndugu yake bado yuko karakanani: Zwinge ni chombo cha seremala cha kubania mbao, jamaa wa jiliwa.

Drängen ina sura nyingine kabisa. Inaandamana na auf na akuzativi, hali ya nomino inayotendwa: auf Reformen drängen (kushinikiza mageuzi), auf eine Entscheidung drängen (kushinikiza uamuzi). Inaandamana pia na zur Eile (kuharakisha) na zum Aufbruch (kuondoka). Watenda wake ni vyama, mataifa, mawakili, wazazi, watu wanaosema na kusema tena. Hapa mlango haujafungwa. Anayedrängen anahimiza, anachagiza, anashikia bango, na mwenzake bado anaweza kukataa. Katika siasa za magazeti ya Kijerumani tofauti hii ina uzito: serikali iliyogedrängt huenda haijafanya jambo, iliyogezwungen imekwisha kulifanya.

Kuna jaribio jepesi ambalo DWDS haikuandikii lakini mifano yake inalithibitisha. Ongeza "lakini hakufanya" mwishoni mwa sentensi. Er drängte sie zu unterschreiben, aber sie weigerte sich: sawa kabisa, alimshinikiza asaini, akakataa. Er zwang sie zu unterschreiben, aber sie weigerte sich: sentensi inagongana yenyewe, kwa kuwa zwang katika wakati uliopita maana yake saini ilipatikana. Kama jaribio lilishindikana, Mjerumani husema Er wollte sie zwingen au Er versuchte, sie zu zwingen. Kwa Kiswahili "alimlazimisha asaini lakini akakataa" inapita bila kelele, kwa hiyo kosa hili hutoka moja kwa moja kichwani mwa msemaji wa Kiswahili hadi kwenye karatasi. Ukikuta kielezi vergeblich, yaani bila mafanikio, kikiwa jirani wa kitenzi, basi kitenzi hicho ni cha jamii ya drängen.

Ukanushi nao una mtego wake. Er zwang sie nicht, zu gehen maana yake hakumlazimisha aondoke. Er zwang sie, nicht zu gehen maana yake alimlazimisha asiondoke. Maneno ni yaleyale, kilichohama ni mkato tu. Anayeandika bila mkato, Er zwang sie nicht zu gehen, anamwachia msomaji achague. Kwenye maelezo ya shahidi au malalamiko rasmi usiliache hilo. Ni afadhali kugeuza sentensi nzima: Sie musste gegen ihren Willen bleiben (ilibidi abaki kinyume cha hiari yake).

Sasa nötigen, ambacho kinastahili muda kuliko vyote. Kina maisha matatu na hayafanani.

Maisha ya kwanza ni ya mahakamani. Kifungu cha 240 cha Sheria ya Jinai ya Ujerumani, Strafgesetzbuch, kinaitwa Nötigung. Kinamhusu anayemlazimisha mtu kinyume cha sheria, kwa nguvu au kwa kumtishia madhara makubwa, atende jambo, avumilie jambo au asitende jambo. Adhabu ni kifungo hadi miaka 3 au faini, na jaribio lenyewe linaadhibiwa. Kwa hali nzito sana kifungo ni kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Ndiyo maana dereva anayemsogelea mwenzake nyuma kabisa kwenye barabara kuu huku akimwashia taa anaweza kushtakiwa kwa Nötigung, ingawa hakutamka neno. Neno Gewalt, nguvu, ndani ya kifungu hicho limezua mabishano makali. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikataa tafsiri pana mno ya neno hilo katika kesi za waandamanaji waliokaa barabarani kuzuia njia. DWDS inakupa maana ya kisheria kwa ufupi. Mwenye kazi ya kisheria asome kifungu chenyewe kwenye gesetze-im-internet.de, ambako sheria za shirikisho ziko wazi bila malipo.

Maisha ya pili ni ya mezani, na ni ya upole. Mwenyeji anamnötigen mgeni achukue kipande kingine cha keki, mgeni anakataa kwa adabu, mwenyeji anasisitiza. Lassen Sie sich nicht lange nötigen! ni karibu na "usingoje kubembelezwa". Maana hii ina harufu ya kizamani kidogo, na hapo DWDS ina faida: mifano iliyorithiwa kutoka kamusi ya zamani imeihifadhi vizuri. Kijana wa leo huenda asiitumie, lakini ataielewa, na msomaji wa riwaya za karne ya 19 atakutana nayo kila mara. Asiyeijua atadhani kila mlo wa Kijerumani ulikuwa uhalifu.

Maisha ya tatu ni ya barua. Linganisha miundo mitatu inayofunga barua za madai:

Wir sehen uns veranlasst, den Vertrag zu kündigen.
Wir sehen uns genötigt, den Vertrag zu kündigen.
Wir sehen uns gezwungen, den Vertrag zu kündigen.

Zote zinasema tutavunja mkataba, na zote zinajifanya kwamba anayevunja hana hiari. Ya kwanza ni baridi na ya kiofisi: kuna sababu, tunachukua hatua. Ya pili ina lawama, mwandishi anadokeza kuwa amesukumwa na mwenendo wako. Ya tatu inafunga mlango, hatuna budi. Mara nyingi huongezwa leider, kwa bahati mbaya, ambayo kwenye barua za aina hii haina huruma yoyote. Ukipokea barua yenye gezwungen, usiijibu kama ile yenye veranlasst. Kupata miundo hii kwenye DWDS, fungua sehemu ya matini na utafute sehen pamoja na genötigt, usitafute nötigen peke yake.

Hapo tunafika kwenye kutafuta kwenyewe, ambako tovuti hii inawashinda wengi. Ukiandika neno bila alama, mtambo unaleta maumbo yote ya neno hilo: zwingen italeta zwingt, zwang, gezwungen. Ukitaka umbo moja tu, tanguliza @. Ukitaka maneno mawili yafuatane yakiwa na nafasi kati yao, yaweke ndani ya alama za nukuu na idadi ya juu ya maneno ya katikati, kwa mfano "sehen #4 @genötigt". Mpangilio usipokuwa na maana, tumia NEAR(zwingen,Knie,5). Baadhi ya hazina za matini zinahitaji ujisajili kwanza. Usajili ni bure, ila watu hukwama hapo wakidhani matokeo ni machache.

Mtego mkubwa zaidi wa utafutaji unatokana na vitenzi vinavyogawanyika. Abnötigen ndani ya sentensi ya kawaida hupasuka: Ihre Leistung nötigte selbst ihren Gegnern Respekt ab (kazi yake iliwafanya hata wapinzani wake wamheshimu). Ukitafuta abnötigen katika matini utapata abgenötigt, abzunötigen na abnötigt ya kwenye sentensi tegemezi, lakini umbo lililopasuka, ambalo ndilo la kawaida kabisa, linaweza kukupita. Andika "nötigen #8 @ab" nalo litajitokeza. Fanya hivyohivyo kwa aufzwingen, aufdrängen, abpressen na abringen. Asiyejua hili huhitimisha kwamba kitenzi ni adimu kumbe kiko kila ukurasa.

Viambishi awali hivi ndivyo vinavyoipa familia nzima mpangilio, na inasikitisha kwamba DWDS haina ukurasa unaoviweka pamoja. Mantiki yake ni hii. Er- hugeuza macho kutoka kwa mtu kwenda kwa matokeo: erzwingen haina mtu kama yambwa, ina kitu kilichopatikana kwa nguvu. Ein Geständnis erzwingen, kupata ungamo kwa kulazimisha. Eine Entscheidung erzwingen, kulazimisha uamuzi utoke. Ukisema jemanden erzwingen umekosea. Auf- humtwisha mtu kitu: jemandem seine Meinung aufzwingen, kumbebesha mtu maoni yako. Mtu yuko kwenye dativi (hali ya anayepokea), kitu kwenye akuzativi. Ab- humtoa mtu kitu alichokishikilia: jemandem ein Versprechen abnötigen, kumkamulia ahadi.

Na hapo kuna jambo zuri. Aufnötigen karibu daima ni kero, lakini abnötigen mara nyingi ni sifa. Kazi inayokunötigen Respekt ab ni kazi ambayo hata asiyempenda mtendaji hana budi kuiheshimu. Wortprofil inaonyesha hili waziwazi, kwa kuwa majirani wa abnötigen ni Respekt, Bewunderung, Anerkennung, Lächeln. Hakuna fasili ambayo ingekufundisha hivyo haraka.

Dringen, drängen na drängeln huchanganywa na karibu kila mwanafunzi. Drängen imetokana na dringen: dringen ni kupenya, drängen ni kufanya kipenye, kama vile trinken ni kunywa na tränken ni kunywesha. Msemaji wa Kiswahili mwenye kauli ya kutendesha kila siku mdomoni anaielewa bila maelezo. Maumbo ndiyo yanayosumbua. Dringen: drang, gedrungen. Drängen: drängte, gedrängt. Auf etwas dringen, kusisitiza jambo, hutumia kitenzi kisaidizi haben: Sie hat auf Aufklärung gedrungen. Maji yakipenya ni sein: Das Wasser ist in den Keller gedrungen. Juu ya hayo gedrungen ni kivumishi pia, cha mtu mfupi mnene, kwa hiyo ukitafuta umbo hilo katika matini utaletewa maelezo ya watu wengi wa kimo hicho. In jemanden dringen, kumbana mtu kwa maswali au maombi, ni lugha ya juu ya maandishi, na DWDS huwekea miundo kama hiyo alama ya gehoben. Iheshimu alama hiyo. Mtu akiitumia kwenye ujumbe wa simu ataonekana ametoka karne nyingine.

Drängeln ni ya foleni na ya watoto: kusukumana, kung'ang'ania, "twende, twende". Drängler ni yule dereva wa kunusa bampa ya mwenzake. Bedrängen ni nzito zaidi, ni kumzingira mtu kwa maneno au kwa mwili mpaka akose pumzi, na inatumika pia kwa unyanyasaji. Sich aufdrängen ina maana mbili zisizokutana: mtu sich aufdrängt akijipachika asikotakiwa, lakini swali sich aufdrängt likijileta lenyewe akilini. Die Frage drängt sich auf haina ubaya wowote.

Wenye kutoka Kiswahili na "shinikizo" lao huelekea kwenye drücken, na hapo wanaanguka. Er drückte mich zu unterschreiben si Kijerumani. Drücken ni kubonyeza kitufe, kukumbatia, kiatu kinachobana, au huzuni inayomlemea mtu. Shinikizo la kumtaka mtu atende linabebwa na nomino: jemanden unter Druck setzen, auf jemanden Druck ausüben, na kwa mazungumzo jemandem Druck machen. Angalia hali za nomino hapo: ya kwanza ina akuzativi, ya pili auf na akuzativi, ya tatu dativi. DWDS ina makala za misemo ya aina hii. Usipoiona kupitia kitenzi, tafuta kwa nomino Druck kisha usome maneno inayoandamana nayo.

Erpressen inahitaji tishio lenye bei: nipe, la sivyo. Ina miundo miwili. Jemanden erpressen humweka mtu kwenye akuzativi, na kinachotumika kumbana kinafuata mit: Er erpresste sie mit Fotos. Etwas von jemandem erpressen huweka kitu kwenye akuzativi: Er erpresste von ihr Geld. Kisheria Erpressung iko kifungu cha 253, na adhabu yake ni kifungo hadi miaka 5 au faini. Tofauti na Nötigung ni kwamba hapa kuna mali inayopotea na mtu anayetaka kujitajirisha isivyo halali. Kwenye mazungumzo mzazi anaweza kusema mtoto wake anam-erpressen kwa kulia dukani. Hakuna atakayeita polisi.

Sasa maneno manne yanayofanana na kulazimisha lakini siyo. Forcieren si kumlazimisha mtu. Ni kuongeza kasi au nguvu ya jambo: den Ausbau forcieren, das Tempo forcieren. Aliyetoka kwenye Kifaransa au Kiingereza huteleza hapa kila mara. Verpflichten ni kumfunga mtu kwa wajibu, mkataba au sheria, bila ukali. Na klabu ikiverpflichtet mshambuliaji imemsajili, haijamteka. Bewegen ina sura mbili: ikiwa ni kusogeza au kugusa moyo ni bewegte, bewegt, ikiwa ni kumfanya mtu aamue ni bewog, bewogen. Was hat ihn dazu bewogen? ni kuuliza sababu iliyomsukuma, bila kumshutumu yeyote. Nne ni vergewaltigen. Ina Gewalt ndani yake, na wapo wanaodhani ni "kutumia nguvu". Leo ni kubaka. Matini za zamani zinaitumia kwa kuipotosha lugha au haki, na DWDS itakuonyesha, lakini usiiguse kwa maana hiyo.

Kwa "kumfanya mtu atende" bila kutaja njia, chaguo salama ni jemanden dazu bringen, etwas zu tun. Haisemi kama alibembelezwa, alishawishiwa au alitishwa. Inasema tu kwamba alitenda. Machen haifai hapo: Er machte sie gehen haipo.

Nomino za -zwang na -pflicht zinastahili kutajwa kwa sababu DWDS inazionyesha vizuri kuliko kamusi yoyote ya lugha mbili. Sheria ya kukinga surua iliyoanza kutumika Ujerumani tarehe 1 Machi 2020 inaitwa na wanaoiunga mkono Impfpflicht, wajibu wa chanjo. Wapinzani husema Impfzwang, chanjo ya shuruti. Anayeandika habari na kuchagua -zwang amekwisha kuchukua upande. Lakini usigeuze hilo kuwa kanuni: Leinenzwang (mbwa lazima afungwe kamba) na Anwaltszwang (kesi ambayo lazima uwe na wakili) ni maneno ya kawaida yasiyo na malalamiko. Hapa mchoro wa matumizi kwa miaka, Wortverlaufskurve, unafaa sana. Unaanza mwaka 1600 kwa matini za jumla na 1946 kwa magazeti, nao unakuonyesha neno lilipopanda na kushuka. Usiuamini kwa maneno adimu, kwa kuwa matini chache za muongo mmoja zinaweza kutengeneza mlima wa uongo.

Kasoro nyingine. Sehemu ya visawe imechukuliwa kutoka OpenThesaurus, mradi wa kujitolea, na inarundika lugha ya juu, ya ofisi na ya kijiweni kwenye kundi moja. Ukiokota humo aufoktroyieren kwa ajili ya insha, jua kwamba wapo walimu wanaoikataa, kwa hoja kwamba oktroyieren peke yake tayari ina maana ya kumtwisha mtu. Ukiokota breitschlagen, jua kwamba ni ya mazungumzo: Er hat sich breitschlagen lassen ni "alibembelezwa mpaka akakubali". Lugha ya mdomoni kwa jumla haijashibishwa. Bequatschen, weichklopfen, in die Mangel nehmen, jemandem die Pistole auf die Brust setzen, zote za kumshawishi au kumbana mtu, zinaeleweka na kila Mjerumani, lakini hazina kubwa ya magazeti na vitabu haiwezi kukuambia nani anaweza kumwambia nani. Kwa hilo majukwaa ya LEO, kamusi ya mtandaoni ya lugha mbilimbili, yanasaidia zaidi, kwa sababu wajumbe wake hubishana juu ya muktadha, ingawa LEO haina Kiswahili na itabidi upitie lugha ya tatu.

Duden mtandaoni, kamusi nyingine maarufu ya Kijerumani, ina matangazo, lakini majedwali yake ya mnyambuliko ni rahisi kusoma, na orodha yake ya visawe imechujwa vizuri zaidi. Kwa anayetaka kujua tu kama ni zwang au zwingte, Duden inatosha. Kwa anayetafsiri mkataba, barua ya wakili, au habari ambapo mmoja anadai alilazimishwa na mwenzake anasema alimshauri tu, fungua DWDS: anza na Wortprofil, kisha matini, na fasili iwe ya mwisho. Kama hukumu inategemea neno hilo, soma na kifungu cha sheria chenyewe kabla hujaandika nötigen.